Kipupwe cha Lesotho: Safari ya Gari Ipangwe kwa Jua, Si kwa Theluji

Anayepanga kuendesha gari kwenye milima ya Lesotho kati ya Juni na Agosti karibu kila mara huanza na swali la theluji: itaanguka lini, itaanguka wapi, na je, ataiwahi? Swali hilo lina sababu zake. Kwetu Afrika Mashariki theluji ni kitu cha kileleni. Iko Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, na anayeitaka huifuata kwa miguu siku kadhaa. Lesotho ni mojawapo ya sehemu chache za bara hili ambako theluji hushuka hadi kwenye lami na kumkuta mtu ndani ya gari lake. Hata hivyo, swali hilo ndilo linaloharibu safari nyingi. Safari ya kipupwe katika nchi ile inafaa ipangwe kwa jua: saa zake, urefu linaopanda angani, na ubavu wa mlima linaoufikia au kuukosa. Theluji ihesabiwe kuwa jambo linaloweza kutokea, la kupishwa linapotokea na la kutazamwa likishapita.

Ukitazama nchi yenyewe utaona kwa nini jambo hili lina uzito. Lesotho ina kilomita za mraba 30,355, kubwa kidogo kuliko Burundi, na imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Sehemu yake ya chini kabisa, pale mto Makhaleng unapoingia kwenye Senqu, iko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuna nchi nyingine duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000. Kilele chake kikuu, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482, na kusini mwa Kilimanjaro hakuna kinachokizidi. Kwa dereva, la muhimu zaidi ni kwamba urefu huo hauko mbali na barabara. Barabara kuu ya A1, itokayo Maseru kupitia Hlotse na Butha-Buthe hadi Mokhotlong, hupanda Moteng hadi mita 2,820, halafu Mahlasela hadi mita 3,222, kisha Tlaeeng, takriban mita 3,250. Barabara ya A3 kwenda Thaba-Tseka huvuka milima kadhaa, mmojawapo ukiwa Blue Mountain Pass wenye mita 2,634. Anayetoka Hlotse kwenda bwawa la Katse huvuka Mafika Lisiu kwenye mita 3,090. Kwa maneno mengine, mtu aliyekunywa chai yake mjini asubuhi huweza kuwa, kabla ya adhuhuri, mahali palipo juu kuliko Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Hajatembea hatua hata moja, na huenda amevaa viatu vya mjini.

Hali ya hewa ya huko haifanani na picha ambayo watu wengi wanayo ya nchi za theluji. Mvua nyingi ya Lesotho hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Juni, Julai na Agosti ni miezi mikavu, yenye anga safi kwa siku nyingi mfululizo. Ili theluji ianguke ni lazima baridi ikutane na unyevu, na mawimbi mengi ya hewa baridi yanayotoka bahari ya kusini na kupita Rasi ya Tumaini Jema hufika kwenye milima ya Maluti yakiwa yamekwisha kumwaga maji yake njiani. Yanaacha baridi kali na anga la buluu. Theluji nzito, ile inayofunga barabara, aghalabu huletwa na mgandamizo mdogo wa hewa uliojitenga na mkondo mkuu wa upepo wa juu, ukabaki juu ya eneo moja siku mbili tatu. Tukio la namna hiyo halifuati kalenda ya msafiri. Mwaka 2024 lilikuja Septemba, wakati miti ya pichi ya mabondeni ilipokuwa imeingia msimu wake wa maua. Tarehe 20 na 21 Septemba barabara kuu ya N3 ya Afrika Kusini, kati ya Johannesburg na Durban, ilifungwa na theluji katika eneo la Van Reenen, watu wakalala ndani ya magari yao, na kulikuwa na vifo. Ushahidi mwingine uko juu ya Mahlasela kwenyewe. Kituo cha Afriski, kilicho zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hutengeneza theluji kwa mashine ili watu wapate kuteleza msimu mzima. Ikiwa wale wanaoishi kwa biashara ya theluji hawaitegemei ile ya mbinguni, mwenye likizo ya siku tano ataitegemeaje?

Jua, kinyume chake, hukokotoleka. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri nchini Lesotho hupanda nyuzi 37 tu kutoka kwenye upeo wa macho, likiwa upande wa kaskazini. Dar es Salaam siku hiyohiyo hufika nyuzi 60. Maana yake ni kwamba ubavu wa mlima unaotazama kusini, ukiwa na mwinuko mkali kuliko nyuzi hizo 37, haupati mwale wa moja kwa moja hata saa sita mchana. Kwa majuma kadhaa ubavu huo huishi kivulini. Barabara ya mlimani haichagui upande mmoja: inajikunja, kona hii ikitazama kaskazini na kukauka mapema, kona inayofuata ikitazama kusini na kubaki na ubaridi wa usiku. Dereva anayetoka kwenye lami kavu yenye jua huingia kivulini kwa mwendo uleule, na hapo ndipo panapokuwa na barafu nyembamba isiyoonekana, lami ikionekana nyeusi na kulowa tu. Barafu hiyo haihitaji theluji. Vichemchemi vinavyovuja kwenye kingo zilizokatwa kupitisha barabara humwaga maji mchana na kuganda jioni, siku ambazo utabiri wa hewa unasema anga ni safi. Theluji ikiwa imeanguka, hatari hiyo hurefuka kuliko theluji yenyewe, kwa sababu kile kinachoyeyuka mchana upande wa kaskazini hutiririka hadi barabarani na kuwa kioo usiku. Huko Letšeng, karibu na mgodi wa almasi ulio juu kabisa mwa nchi, mwaka 1967 ilipimwa baridi ya nyuzi 20.4 chini ya sifuri. Wakulima wa chai wa Kericho na Limuru wanaijua jalidi na hasara yake shambani. Dereva wa kwetu, hata aliyezoea kuteremka mlima wa Kitonga kwa gia nzito, hajawahi kufundishwa kuitafuta kwenye kona.

Kutokana na hayo ndipo ratiba inapojengwa. Katikati ya msimu jua huchomoza saa 1 na dakika chache asubuhi na kuzama saa 11 na robo jioni, siku ya saa 10 na robo hivi, na ndani ya mabonde hupungua kwa sababu mlima hulichelewesha jua asubuhi na kulificha mapema alasiri. Lami ya juu hustahili kuaminiwa kuanzia kama saa 3 asubuhi, ikishapata joto kidogo, na anayejali maisha yake huwa ameshuka kutoka kwenye vilele kufikia saa 9 alasiri. Zinabaki saa sita. Ondoa saa moja na nusu ya kusimama, kutazama na kula. Nyingine zihesabu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao ni mwendo wa kweli kwenye barabara zenye kona, ng'ombe, kondoo na malori. Unapata kilomita 180. Hesabu hiyo, rahisi kama ilivyo, hupangua sehemu kubwa ya mipango inayochorwa kwenye ramani. Butha-Buthe hadi Mokhotlong, zaidi ya kilomita 150, ni safari ya siku moja ya kwenda tu; anayetaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo atakuwa juu ya Tlaeeng giza likiingia. Maseru hadi Thaba-Tseka ni vilevile. Hlotse hadi Katse, kama kilomita 120, inaacha nafasi ya kusimama Mafika Lisiu na kufika bwawani jua likingali juu. Ndiyo maana, ikiwa ni lazima kuchagua barabara moja, mimi naichagua hiyo ya Katse mbele ya A1 yenye sifa kubwa zaidi.

Sani Pass inahitaji neno lake peke yake, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi na kufikiriwa kidogo zaidi. Inapanda kutoka KwaZulu-Natal hadi mita 2,874 kwenye ukingo wa mashariki wa nchi, na mamlaka ya Afrika Kusini hairuhusu gari lisilo la 4x4 kuipanda kutoka upande wao. Mpaka hufungwa saa 12 jioni, na wengi huichukua saa hiyo kuwa ndiyo mwisho wa siku yao. Jua lina mpaka wake mwingine. Ukuta wa Sani unatazama mashariki na kusini, kwa hiyo huota jua asubuhi na kuingia kivulini mapema alasiri. Kona mojawapo ya juu huitwa Ice Corner, na aliyeipa jina hilo alikuwa ameiona. Anayepanda asubuhi hupanda akiwa na mwanga juu ya miamba mbele yake. Anayejihakikishia kuwa bado ana saa mbili kabla ya mpaka kufungwa, akaanza kuteremka saa 10 alasiri, hushukia kwenye kivuli kilichokwisha kuganda.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la macho. Bila theluji, husema baadhi ya watu, kipupwe cha Lesotho ni majani makavu na mawe. Mtu asafiri mbali kiasi hicho aone nini? Jibu liko katika urefu uleule wa jua. Milima ya Maluti imejengwa kwa tabaka za basalti, lava iliyotoka ardhini miaka takriban milioni 180 iliyopita, moja juu ya nyingine, na chini yake kuna mawe ya mchanga ya manjano hafifu, kama yale ya mlima wa Thaba-Bosiu ambako mfalme Moshoeshoe wa Kwanza aliwahamishia watu wake mwaka 1824. Mwezi Desemba jua la adhuhuri husimama nyuzi 84, karibu utosini, na kila kitu huonekana bapa. Mwezi Juni mwanga huja kutoka pembeni mchana kutwa, kila tabaka likatupa kivuli chake juu ya lililo chini, na mlima ambao wakati wa mvua ni mgongo wa kijani tu hujifunua kuwa ngazi kubwa zilizopangwa na moto. Hewa kavu huondoa ukungu, na safu za milima huonekana moja nyuma ya nyingine hadi mbali sana. Majani makavu hugeuka rangi ya dhahabu asubuhi na ya shaba jioni. Huko Semonkong, maporomoko ya Maletsunyane ya mita 192 hupungua maji lakini mvuke wake huganda kwenye kuta za mwamba, na barafu hiyo huweza kuonekana katika kipupwe ambacho theluji haijaanguka kabisa. Katika vijiji, moshi wa majiko ya samadi hulala juu ya bonde kama ulivyotandazwa na hewa baridi, mpaka jua liuinue. Haya yapo kila siku ya anga safi, hayahitaji bahati. Nikiri tu kwamba Agosti huleta upepo, vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa, na uwazi wa hewa hupungua. Juni na Julai ndiyo miezi ya kuchagua.

Pingamizi la pili ni la chombo: kwamba gari la 4x4 na dereva mzoefu humaliza tatizo. Hili ni gumu kulijibu kwa sababu nusu yake ni kweli. Magurudumu manne yanayovuta husaidia kuondoka kwenye tope, kokoto na theluji ya wastani, na sehemu ya kokoto kati ya Katse na Thaba-Tseka hufurahisha zaidi ukiwa na gari refu. Lakini kila gari, dogo kwa kubwa, hufunga breki kwa magurudumu manne, na juu ya barafu mvuto wa injini hausaidii kusimama. Gari kubwa lina uzito zaidi wa kuzuia, na lina dereva anayejiamini zaidi. Kuendesha upande wa kushoto, kama Tanzania na Kenya, humpa mgeni wa kutoka kwetu utulivu ambao huenda hastahili. Kuhusu gari lenyewe yapo mambo machache ya kukagua kabla ya kupanda: rejeta iwe na kimiminika kisichoganda, maana maji matupu hupasua injini usiku mmoja, betri iwe na nguvu, dizeli ijazwe karibu na milima, kwa kuwa ile ya joto la pwani huweza kufanya nta kwenye baridi kali. Kwenye mita 3,000 injini isiyo na turbo hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na kulipita lori kunahitaji nafasi ndefu kuliko ilivyozoeleka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoongeza saa moja ya mwanga.

Wapo pia wasemao kuwa, kama theluji si ya kutegemewa na barafu ni ya hatari, basi mtu aende Januari. Ningewaunga mkono kama wanataka kijani, mito iliyojaa na siku ndefu. Kwa mwendesha gari, hata hivyo, kiangazi cha huko kina hatari zake: mvua za radi za alasiri, ukungu unaoziba vilele ghafla, vijito vinavyokata barabara za kokoto na mawe yanayoporomoka. Hatari ya kipupwe ina nafuu moja, nayo ni kwamba sehemu yake kubwa hujulikana mapema, kwa saa na kwa upande wa mlima. Mvua ya radi haina kona yake.

Pingamizi linalostahili heshima zaidi ni la kiuchumi. Lesotho si nchi tajiri, na theluji huleta wageni. Habari ya theluji ikienea, magari kutoka Gauteng nchini Afrika Kusini hupanda milima kwa mamia. Kuwaambia watu wasiifuate, je, si kuwanyima Wabasotho riziki? Nadhani ni kinyume. Mgeni anayefukuza theluji huja wikiendi ileile pamoja na wengine wote, husongamana nao kwenye barabara moja, hubeba chakula chake na huondoka jioni. Kwa wachungaji walioko juu na mifugo yao, theluji iliyomleta ni msiba: majani yamefunikwa, kondoo wanakufa, njia ya kwenda zahanati imefungwa, na gari la polisi au la matengenezo ya barabara linalokwenda kumvuta mgeni mtaroni ndilo lile ambalo kijiji kilikuwa kinalingoja. Mgeni anayepanga kwa jua huja siku yoyote ya Juni au Julai. Kwa kuwa ana saa sita tu za barabara, hulazimika kulala njiani: Hlotse, Katse, Semonkong, Malealea au Mokhotlong. Asubuhi, wakati anangoja lami ipate joto, ana muda wa kununua mkate, kukodi farasi wa Kibasotho, kuzungumza na watu. Saa hizo mbili za kungoja, ambazo mwenye haraka huziona kuwa hasara, ndizo zinazoacha fedha vijijini.

Wajibu si wa msafiri peke yake. Idara za hali ya hewa za Lesotho na Afrika Kusini hutoa utabiri na tahadhari, na yeyote asiyezisoma kila siku akiwa milimani anafanya kosa kubwa. Lakini utabiri huzungumzia eneo, wakati dereva anahitaji habari ya kona. Tangazo fupi la kila asubuhi lenye hali ya Moteng, Mahlasela, Tlaeeng, Mafika Lisiu na Blue Mountain, likitolewa kabla ya saa 3 na kubandikwa kwenye vituo vya mafuta vya Butha-Buthe, Hlotse na Maseru na kwenye mipaka, lingeokoa maisha kuliko kibao chochote cha kuonya. Watu wanaojua hali hiyo wapo: madereva wa mabasi madogo yanayopita huko kila siku. Nawaomba wanaosimamia barabara na utalii wa Lesotho wawasikilize hao, na waandike wanachosema.

Kwa msomaji anayefikiria safari hiyo, ushauri wangu ni huu. Chagua siku tano au sita kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai. Lala usiku wa kwanza mabondeni, Hlotse au Maseru, mwili uzoee urefu. Panga barabara moja kwa siku, isiyozidi kilomita 180, na uache siku moja tupu katikati ambayo hujaipangia lolote. Usiondoke kabla ya saa 3 asubuhi, na saa 9 alasiri iwe imekukuta umeshashuka. Theluji ikitangazwa, itumie ile siku tupu: kaa chini, ngoja barabara isafishwe, kisha panda siku ya pili au ya tatu jua likiwa limetoka, uione bila kuwa mzigo kwa mtu. Isipotangazwa, hujapungukiwa na kitu. Na kama siku ulizo nazo ni mbili tu, acha A1 na Sani, nenda Katse.